Nimegeuza Shauri Langu Juu ya Vitu vya Zamani

Muhula uliopita chama chetu cha midahalo kilipewa hoja hii: kwamba vitu vya zamani visivyotumika vibomolewe ili kupisha maendeleo. Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande ulioiunga mkono. Nilisema kwa sauti kubwa, nikapigiwa makofi, na kura zilipohesabiwa upande wetu ulishinda. Wengi wenu mlikuwapo ukumbini na mwakumbuka. Nilisema kwamba jengo lililokwisha kazi yake ni kama chungu kilichotoboka, hata ukikitunza hakipiki. Nikasema tena kwamba daraja lisilopitwa na gari wala treni ni mawe matupu, na nchi itakayo kwenda mbele haina haja ya mawe matupu.

Bwana Mhariri amenipa nafasi katika gazeti letu, nami naitumia kusema kwamba siku ile nilishinda lakini nilikosea. Sisemi hivi ili nionekane mnyenyekevu. Nasema kwa sababu maneno yangu yale nimeyasikia yakirudiwa bwenini kana kwamba ni kanuni ya hesabu, na mtu aliyepanda mbegu mbaya yampasa aing'oe mwenyewe.

Lililonigeuza ni daraja moja nililolisoma nilipokuwa nikitafuta habari za Mto Mississippi kwa ajili ya somo la Jiografia. Daraja hilo liko katika mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Limejengwa kwa mawe, nalo lavuka mto ule mkubwa karibu na maporomoko ya maji yaitwayo Saint Anthony. Urefu wake ni kama mita 640, na upana wake ni kama mita 8 na nusu. Lilikamilika mwaka 1883, na hata leo ndilo daraja pekee la matao ya mawe lililovuka Mississippi. Kwa umri ni la pili miongoni mwa madaraja yote ya mto huo yaliyosimama hata sasa. Lililolitangulia ni daraja la Eads la mji wa St. Louis, lililofunguliwa mwaka 1874.

Aliyelijengesha ni James J. Hill, tajiri wa reli, na mhandisi wake alikuwa Charles C. Smith. Siku zile Minneapolis ulikuwa mji wa vinu vya unga. Maji ya maporomoko yalizungusha mashine, na tangu miaka ya 1880 mji huo ukawa wa kwanza duniani kwa kusaga ngano, ukabaki hivyo kwa muda wa miaka hamsini hivi. Hill alitaka treni zake zivuke mto na kuingia katikati ya mji. Lakini mwamba wa mahali pale haukuwa wa kuchezewa. Juu mna tabaka la mawe ya chokaa, na chini yake jiwe la mchanga lililo laini. Mwaka 1869 watu waliokuwa wakichimba handaki chini ya mto walipasukiwa na maji, na maporomoko yote yakakaribia kubomoka. Basi daraja la Hill halikukatiza moja kwa moja hapo juu. Lilipitishwa upande wa chini wa maporomoko, likakata mto kwa mshazari, na mwishoni likapinda.

Yafaa tujue tao hufanyaje kazi, maana siku ya mdahalo niliyaita mawe matupu bila kujua. Jiwe ni dhaifu likivutwa, lakini ni hodari likibanwa. Katika tao kila jiwe husukumwa na jirani zake wa kushoto na kulia, na uzito wa juu huzidi kuyabana pamoja mpaka msukumo ule ufike kwenye nguzo na kushuka ardhini. Jaribuni uwanjani. Wanafunzi wawili wasimame wakitazamana, miguu yao ikiwa mbali, kisha waegemeane viganja kwa viganja. Mmoja akijitoa, mwenziwe huanguka. Lakini wakikaa pamoja, na miguu yao isipoteleza, waweza kubeba mzigo mabegani. Wakati wa kujenga, mawe ya tao hushikwa na kiunzi cha mbao mpaka jiwe la mwisho la juu litiwe mahali pake. Ndipo mbao huondolewa na tao hujishika lenyewe. Daraja la Minneapolis lilikuwa na matao 23 ya namna hiyo. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Sasa nataka kuzijibu hoja zangu mwenyewe, moja moja.

Hoja yangu ya kwanza ilikuwa kwamba watu wa leo waweza kupima vizuri kitu gani kina faida na kipi hakina. Lakini daraja hili lilipokuwa likijengwa, watu wa mji ule ule walilicheka. Walidhani ni gharama isiyo na maana, wakaliita upumbavu wa Hill. Baadaye treni za abiria zilipita juu yake kwa muda wa miaka zaidi ya 90, na wajukuu wa wale waliocheka wakasafiri humo. Kama watu walioliona likijengwa kwa macho yao walishindwa kulipima, mimi wa kidato cha nne niliyesimama ukumbini kwa dakika saba nilipata wapi kipimo?

Hoja yangu ya pili ilikuwa kwamba kipya ni imara kuliko cha zamani. Mteremko kidogo tu kutoka daraja la mawe, kulikuwa na daraja kubwa la chuma la barabara kuu, lililofunguliwa mwaka 1967. Tarehe 1 Agosti mwaka 2007, jioni watu walipokuwa wakirudi makwao kutoka kazini, daraja lile jipya lilianguka mtoni pamoja na magari. Watu 13 walikufa, na wengine zaidi ya 100 waliumia. Wachunguzi waligundua kwamba baadhi ya vipande vya bati nene vilivyounga mihimili vilikuwa vyembamba kuliko ilivyopasa, tangu katika michoro ya kwanza. Tena siku ile juu ya daraja palikuwa pamerundikwa vifaa vizito vya ujenzi. Daraja la mawe, lililotangulia kwa miaka 84, lilikuwa limesimama pale pale.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba chuma ni kibaya na mawe ni mazuri. Daraja jingine jipya lilijengwa mahali pale, likafunguliwa mwaka 2008, na lafanya kazi ambayo mawe hayangeweza. Wala daraja la mawe halikuwa halina udhaifu. Mafuriko ya mwaka 1965 yalizidhoofisha nguzo zake, ikabidi zitengenezwe. Ninalosema ni kwamba upya si cheti cha uimara, wala uzee si hati ya kifo. Kila kitu kichunguzwe chenyewe.

Hoja yangu ya tatu ndiyo iliyonipatia makofi mengi. Nilisema kwamba maendeleo yakija, cha zamani hakina budi kupisha. Sikilizeni yaliyotokea. Miaka ya 1960 ilipoanza, serikali ya Marekani ilitaka vyombo vya mizigo vipande juu ya maporomoko. Ikajengwa njia ya maji yenye malango, ambayo chombo huingia, maji yakajazwa, nacho kikainuliwa mpaka usawa wa juu. Lakini matao mawili ya daraja yaliizuia njia ile. Basi matao hayo yalivunjwa, na mahali pake pakawekwa mihimili ya chuma. Malango yakafunguliwa mwaka 1963. Bila shaka waliofanya hivyo waliona ni jambo la akili, na mimi ningalikuwapo ningaliwapigia makofi.

Lakini mwezi wa Juni mwaka 2015 malango yale yalifungwa, ili kuwazuia samaki wageni waharibifu wasipande mto na kuingia katika maji ya kaskazini. Kazi iliyoyavunjia matao mawili ilidumu miaka 52. Matao yenyewe yalikuwa yamedumu miaka 80 kabla ya kuvunjwa, na wenzao 21 wangali wamesimama. Mtu akilitazama daraja leo huona mawe, mawe, kisha kipande cha chuma, kisha mawe tena. Usiache mbachao kwa msala upitao. Sisemi kwamba watu wa mwaka 1963 walikuwa wajinga. Nasema kwamba haja ya leo yaweza kupita upesi, lakini kilichovunjwa kwa ajili yake hakirudi.

Nafika sasa kwenye neno langu baya kuliko yote, lile la kwamba daraja lisilopitwa na gari wala treni ni mawe matupu. Mwaka 1978 treni za abiria zilihamishiwa stesheni nyingine, na stesheni kubwa ya Minneapolis iliyokuwa karibu na daraja ikavunjwa mwaka ule ule. Hapo ndipo daraja lilipofikia hali niliyoieleza katika mdahalo. Kazi ya abiria imekwisha, stesheni imekwisha, vinu vingi vya unga vimefungwa. Kwa hukumu yangu, yafaa libomolewe. Watu wa mji ule hawakufanya hivyo. Tayari mwaka 1975 chama cha wahandisi wa ujenzi wa Marekani kilikuwa kimelitia katika orodha ya kazi za kihistoria za uhandisi. Na mwaka 1994 lilifunguliwa upya. Reli zimeondoka, sakafu imetengenezwa, na tangu mwaka huo ni njia ya waendao kwa miguu na wapandao baiskeli. Watu huvuka kwenda kazini, wazee hutembea jioni, watoto husimama katikati wakitazama maji yakiporomoka. Mahali ambapo zamani palionekana kwa nukta chache tu kupitia dirisha la treni, sasa mtu yeyote aweza kusimama muda apendao bila kulipa tikiti.

Niliposoma hayo niliona haya. Nilikuwa nimehesabu magari na treni nikawasahau watu, na mimi mwenyewe ni mtu wa miguu. Kila likizo nikishuka basi hutembea mwendo wa saa moja hadi nyumbani, na njiani kuna daraja la barabara lisilo na kijia cha pembeni. Lori likija, nauegemeza mgongo wangu kwenye ukingo, nashika sanduku langu mbele ya kifua, nangoja lipite. Mama zangu wapitao pale na mizigo kichwani hufanya vivyo hivyo, na wadogo zetu waendao shule ya msingi pia. Mtu anayengoja hivyo kila siku hawezi kusema kwamba daraja la watembeao kwa miguu ni kitu bure. Mimi nilisema hivyo kwa kuwa nilikuwa nimevaa tai, nimesimama jukwaani, na nimesahau njia ya kwetu.

Najua yatakayosemwa kunijibu, maana baadhi yake nimekwisha kuambiwa na rafiki yangu tulalaye naye chumba kimoja. Kwanza alisema kwamba kutunza kitu cha zamani ni gharama. Ni kweli. Maji huingia kati ya mawe, huganda wakati wa baridi kali, hutanuka, na chokaa iliyoyaunga huchomoka. Mwaka 2024 mafundi walianza kazi kubwa juu ya daraja lile ya kuondoa mawe yaliyoharibika na kujaza upya viungo vyake. Kazi hiyo haikuwa ya fedha kidogo. Lakini kubomoa nako kuna gharama, na kujenga njia nyingine ya miguu juu ya mto mpana kuna gharama zaidi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na anayebomoa ukuta mzima kwa sababu ya ufa hujenga mara mbili.

Pili alisema kwamba Wamarekani ni matajiri, na mtu mwenye njaa hali daraja. Neno hili lina uzito, nami sikulijibu upesi. Kama fedha ni za kuchagua kati ya dawa za zahanati na kuta za kale, mimi nachagua dawa. Lakini mara nyingi uchaguzi hauji kwa sura hiyo. Mara nyingi kitu hubomolewa si kwa sababu fedha zake zimepelekwa zahanati, bali kwa sababu hakuna aliyekaa kufikiri chaweza kufanya kazi gani nyingine. Kufikiri hakuna gharama. Tena maskini ndiye awezaye kupata hasara kubwa kwa kubomoa kilicho imara, maana hana uwezo wa kujenga kingine.

Tatu alisema kwamba kutunza majengo ya zamani ni kuwasifu waliojenga, na pengine hawakuwa watu wa kusifiwa. Nakubali kwamba jambo hili lataka uangalifu. Maporomoko yale yalikuwa mahali patakatifu pa Wadakota, wenyeji wa nchi ile, ambao huyaita Owámniyomni. Jina la Saint Anthony lilitolewa mwaka 1680 na padri mmoja aliyekuja kutoka Ulaya, Louis Hennepin. Vinu na reli viliwatajirisha watu wengine, na Wadakota wakaondolewa katika nchi yao. Je, daraja likibomolewa, haki yao itarudi? Naona haitarudi. Lakini likisimama, na wapitao wakielezwa mambo yote bila kuficha, mtoto atauliza maswali juu yake, na jiwe litakuwa shahidi. Shahidi hapaswi kuuawa kwa sababu ushahidi wake ni mchungu.

Basi shauri langu la sasa ni hili. Sisemi kila kitu cha zamani kitunzwe. Banda linalotaka kuwaangukia watoto libomolewe kesho asubuhi. Nasema tu kwamba kabla ya kuinua nyundo tuulize mambo matatu. Je, kimechunguzwa na mtu ajuaye, au twakihukumu kwa sura yake? Je, haja tunayokivunjia itadumu muda gani ikilinganishwa na umri wake? Na je, wako watu ambao kitu hicho chaweza kuwafaa, hasa watu wasio na sauti katika mkutano, kama vile waendao kwa miguu? Yakijibiwa yote matatu na bado ikaonekana kibomolewe, mimi sitazuia mtu.

Wazazi wetu msomao gazeti hili, ninyi ndio mkaao katika kamati za vijiji na za mitaa, na maneno kama haya huamuliwa mbele yenu. Walimu wetu, ninyi mlitufundisha kwamba mtu aweza kusema vizuri jambo lisilo kweli, nami nimelithibitisha. Nanyi wanafunzi wenzangu mlionipigia kura siku ile, nawashukuru, lakini naomba kura zenu zirudi kupimwa.

Namwomba mwenyekiti wa chama cha midahalo airudishe hoja ile kabla hatujaanza mitihani yetu ya mwisho. Safari hii nitakaa upande wa pili. Rafiki yangu wa chumbani amekwisha kuahidi kunipinga, naye ni msemaji hodari kuliko mimi, huenda nikashindwa. Nikishindwa nitakubali kura, lakini sitabadili tena shauri langu kwa sababu ya makofi.